Nondo wa machweo wa Afrika Mashariki: uchambuzi wa kisa cha Chrysiridia croesus na familia yake

Ukimwona Chrysiridia croesus akipita juu ya vichaka jua limeshapanda, utasema ni kipepeo, na hakuna atakayekulaumu. Anaruka mchana. Mabawa yake ni meusi, yamepigwa mistari ya kijani na dhahabu inayogeuka kadiri anavyogeuka yeye juani, na bawa la nyuma lina mikia inayokumbusha vipepeo wa jenasi Papilio. Hata hivyo ni nondo, wa familia iitwayo Uraniidae. Jenasi yake ina spishi mbili tu: yeye wa Afrika Mashariki, na Chrysiridia rhipheus wa Madagaska. Ndugu wengine wanaofanana nao sana wako ng'ambo ya bahari, Amerika ya tropiki na upande wa Australia na New Guinea.

Kisa kinachochambuliwa hapa ni hicho: kwa ushahidi gani nondo huyu amewekwa alipowekwa, ni wapi watu walipotea njiani, na mtu mwenye kielelezo kimoja mezani afanye nini ili aseme kwa uhakika kwamba anacho kiumbe wa familia hii. Jibu kwa ufupi ni kwamba rangi na mikia, yaani vitu vinavyovutia macho kwanza, havisaidii chochote. Familia hii inajulikana kwa masikio, na masikio yenyewe yamefichwa tumboni.

Kosa lililorudiwa mara tano

Linnaeus, Msweden aliyeanzisha utaratibu wa majina ya kisayansi, alipoandika toleo la 10 la kitabu chake cha uainishaji mwaka 1758, vipepeo wote aliwaita Papilio. Humo alimtia pia leilus wa Amerika ya Kusini, ambaye leo ni Urania leilus, na patroclus wa Asia, ambaye leo ni Lyssa patroclus. Mwaka 1763 akamwongeza orontes, ambaye leo yuko katika jenasi Alcides. Mwaka 1773 Mwingereza Dru Drury akamtangaza Papilio rhipheus, ambaye leo ni Chrysiridia rhipheus, na mwaka 1779 Cramer akamtangaza Papilio sloanus wa Jamaika. Nondo watano wa pande tofauti za dunia, wote wameandikwa vipepeo.

Anayefundisha zaidi kati ya hao ni patroclus. Yeye hana rangi za kung'aa. Ni wa kahawia mwenye mstari mweupe, na jenasi yake huruka usiku na kuvutwa na taa. Bado aliandikwa Papilio, kwa kuwa ni mkubwa na ana mikia. Kwa hiyo si sahihi kudai, kama inavyosemwa mara nyingi, kwamba wataalamu wa kale walidanganywa na rangi. Mkia peke yake ulitosha kuwapoteza.

Kielelezo cha Drury kilikuwa na tatizo la pili. Alikipata kutoka kwa nahodha wa meli wa Hamburg, kikisemekana kimetoka China au Bengali. Nondo huyo hayuko China wala Bengali. Anaishi Madagaska tu. Meli za wakati huo zilipita bandari nyingi, na mdudu mkavu ndani ya boksi huchukua jina la bandari ya mwisho iliyokumbukwa. Tahadhari hii inahitajika hata kwetu: lebo ya karne ya 19 iliyoandikwa "Zanzibar" inaweza kumaanisha kisiwa chenyewe, pwani ya bara iliyokuwa chini ya Sultani, au mzigo uliopitia bandari ya Unguja tu. Lebo ya namna hiyo isitumike kuchora ramani ya makazi bila ushahidi mwingine.

Marekebisho yalikuja polepole. Fabricius aliunda jenasi Urania mwaka 1807, na Leach akaipa familia jina Uraniidae mwaka 1815. Hübner ndiye aliyemtengea wa Madagaska jenasi Chrysiridia. Spishi ya kwetu ilipata jina mwaka 1871, pale Mjerumani Gerstaecker, aliyekuwa akishughulikia wadudu waliokusanywa na msafara wa Carl Claus von der Decken Afrika Mashariki, alipomwita Thaliura croesus. Baadaye ilionekana kwamba Thaliura na Chrysiridia ni kitu kimoja, na jina la zamani zaidi likabaki. Ndiyo sababu leo unaandika Chrysiridia croesus (Gerstaecker, 1871), jina la mtu likiwa ndani ya mabano. Mabano hayo yanasema kwamba mwandishi wa kwanza alimweka katika jenasi nyingine. Ukiyaondoa umebadilisha maana, ingawa orodha nyingi za mtandaoni huyapuuza. Ukitafuta habari za yule wa Madagaska, tafuta kwa tahajia zote mbili, rhipheus na ripheus, pia Urania ripheus na Chrysiridia madagascariensis; maandiko ya zamani yametumia majina yote hayo.

Kielelezo mezani: hatua kwa hatua

Anza na vipapasio. Vya kipepeo wa kawaida huishia na kirungu nchani. Vya Uraniidae ni kama uzi, pengine vimenenepa kidogo katikati, lakini huchongoka kuelekea nchani na havina kirungu. Hatua hii huchukua dakika moja, na kwa kielelezo kizima hutosha kumwondoa Papilio. Tatizo ni vielelezo vya biashara. Vipapasio hukatika kwa urahisi, na muuzaji anayetaka bei nzuri hubandika vya mdudu mwingine. Tazama shina la kipapasio kwa hadubini ya ukuzaji wa mara 20 hivi. Gundi huonekana kama tone linalong'aa kati ya magamba. Ukiiona, usitumie kipapasio hicho kama ushahidi, na kichunguze kichwa kizima kwa shaka hiyo hiyo.

Kisha mishipa ya mabawa. Hapa hakuna haja ya kuharibu kitu. Geuza mdudu, dondoshea spiriti ya asilimia 70 hadi 95 kwa brashi laini upande wa chini wa bawa la mbele, na weka taa nyuma ya bawa. Kwa muda mfupi, kabla ya spiriti kukauka, mishipa huonekana waziwazi. Unachotafuta ni mshipa wa mwisho wa kundi la radiali, ule unaoandikwa R5 katika vitabu vya zamani na Rs4 katika vipya. Kwa Uraniidae mshipa huo umeachana na wenzake wa radiali, na mara nyingi unachangia shina moja na mshipa wa kwanza wa kati, M1. Nondo wengi wenye umbo la kufanana wana R5 iliyoshikamana na radiali zenzake. Piga picha wakati bawa lingali na unyevu, kwa sababu ukisubiri utalazimika kurudia, na kila ukirudia magamba machache hung'oka.

Wakati wa hatua hiyo utaona jambo la ziada. Kijani na dhahabu hubadilika au kuzimika spiriti inapoingia, kisha hurudi bawa likikauka. Weusi haubadiliki. Ni kwa sababu weusi ni rangi ya kweli iliyomo ndani ya gamba, ilhali zile za kung'aa hazitokani na rangi yoyote. Zinatokana na tabaka nyembamba za gamba zilizoachiana nafasi ya hewa, na mwanga unaorudi kutoka tabaka hizo huongezeana au kufutana. Hewa ikibadilishwa na spiriti, mpangilio wa mwanga unavurugika.

Kwa spishi ya Madagaska jambo hili limechunguzwa kwa kina. Watafiti wa Japani Yoshioka na Kinoshita walionyesha mwaka 2007 kwamba magamba yake yamepinda sana, kiasi kwamba sehemu ya mwanga hugonga gamba moja, ikarukia la jirani, ndipo ikarudi machoni. Mwanga uliogonga mara moja na uliogonga mara mbili huwa na rangi tofauti, na macho huona mchanganyiko wake. Kwa mtu wa vitendo maana yake ni hii: picha iliyopigwa kwa flashi na iliyopigwa chini ya mawingu zinaweza kuonyesha rangi mbili kwa bawa moja. Maelezo ya rangi yasiyosema taa ilitoka upande gani hayafai kutumika katika ufunguo wa utambuzi.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uamuzi, na ndiyo inayoogopwa. Masikio ya nondo hawa yako mwanzoni mwa tumbo, na hayako mahali pamoja kwa dume na jike. Jike ana viwambo vyake vya kusikia upande wa chini wa pingili ya pili ya tumbo. Dume anavyo ubavuni, juu kidogo, pale pingili ya pili inapokutana na ya tatu. Hakuna familia nyingine ya nondo inayojulikana kuwa na mgawanyo wa namna hiyo. Hiyo ndiyo alama iliyofunga mjadala, na mtu aliyeipa uzito unaostahili ni Joël Minet wa makumbusho ya Paris.

Ili kuiona, mlainishe mdudu mkavu kwanza: boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana, tishu au mchanga uliolowa chini, matone machache ya Dettol kuzuia ukungu, na mdudu juu ya kipande cha styrofoam asiguse maji. Acha siku moja hadi mbili. Kwa nondo wengi watu huvunja tumbo kwa kulisukuma juu kwa kibano. Kwa Uraniidae usifanye hivyo. Sikio liko shinani kabisa, na tumbo likivunjika vibaya nusu ya ushahidi inabaki kifuani na nusu nyingine inachanika. Tumia mkasi mdogo wenye ncha na ukate kwenye kiungo, ukiegemea upande wa kifua.

Tumbo litie katika mchanganyiko wa potasiamu haidroksaidi wa asilimia 10, yaani gramu 10 katika maji yanayofikia mililita 100. Tia chembe kwenye maji kidogo kidogo. Usimimine maji juu ya chembe, maana hutoa joto kali na kurusha. Vaa miwani na glavu. Uliache usiku kucha kwa joto la chumba, au dakika 10 hadi 20 ndani ya maji ya moto yasiyochemka. Njia ya baridi ni bora kwa kazi hii. Joto likizidi, ngozi ya tumbo hugeuka kama nailoni isiyo na rangi, na kiwambo cha sikio, chembamba kuliko vyote, ndicho kinachotangulia kupasuka. Suuza kwa maji, hamishia kwenye spiriti ya asilimia 30, na usafishe magamba kwa brashi iliyopunguzwa nywele, ukianzia mkiani kwenda mbele na kuishia kabla ya pingili ya tatu. Magamba ya pingili tatu za kwanza yaondoe kwa kupuliza maji kwa bomba la sindano, si kwa brashi.

Lazima ujue jinsia kabla ya kusoma sikio. Mazoea ya nondo wengi ni kutazama frenulo, ule unywele mgumu unaofunga bawa la nyuma kwenye la mbele: mmoja kwa dume, kadhaa kwa jike. Kwa nusufamilia ya Uraniinae frenulo imedhoofika au haipo kabisa, kwa hiyo usiitegemee; tazama viungo vya uzazi vilivyo kwenye lile lile tumbo ulilosafisha. Ukimaliza, hifadhi tumbo ndani ya kichupa chenye gliserini na ukichome kwenye pini ya mdudu huyo huyo. Tumbo lililotengana na pini yake si ushahidi tena.

Wanaodhaniwa kuwa ni yeye

Hatari kubwa si Papilio. Huyo anaondoka kwa kipapasio. Hatari ni kuwa na jike mmoja peke yake. Familia Geometridae, ile ya viwavi wapima-hatua, yenye spishi zaidi ya 23,000, nayo ina masikio chini mwanzoni mwa tumbo, na aliyezoea vitabu huliona sikio la jike wa Uraniidae akasema amemaliza. Tofauti iko ndani. Sikio la Geometridae lina kipande kigumu chembamba kinachoitwa ansa, kinachokatiza mbele ya kiwambo. Uraniidae hawana. Ukiwa na dume huhitaji hata kutafuta ansa, kwa sababu sikio la ubavuni linajieleza. Kwa hiyo kwa kila mfululizo wa vielelezo, chagua angalau dume mmoja na jike mmoja wa kupasua.

Sematuridae wa Amerika, ambao zamani waliwekwa ndani ya Uraniidae, ni wakubwa na wana mikia. Hawana masikio tumboni. Epicopeiidae wa Asia, baadhi yao wakiwa wameiga vipepeo mkia kiasi cha kuwachanganya hata wakusanyaji wazoefu, nao hawana. Drepanidae wanayo masikio tumboni, ila katika pingili ya kwanza na kwa umbo jingine. Noctuidae na jamaa zao masikio yao yako kifuani.

New Guinea uigaji umegeuzwa: kipepeo wa kweli, Papilio laglaizei, ndiye anayemwiga nondo wa jenasi Alcides. Ameiga hadi upande wa chini. Nondo ana tumbo la rangi ya chungwa. Kipepeo hana, lakini pindo la bawa lake la nyuma, linalolala juu ya tumbo akitulia, lina doa la rangi hiyo hiyo mahali pale pale. Kuna faida gani kumwiga nondo? Nondo ana sumu, na tutaifikia.

Ndugu asiyependeza aliye kwenye kahawa

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2011 na kundi la wataalamu wakiongozwa na van Nieukerken iliipa Uraniidae jenasi 90 na spishi 686. Wale wa kung'aa wanaoruka mchana, yaani Urania, Chrysiridia na Alcides, ni wachache sana ndani ya hesabu hiyo. Familia ina nusufamilia nne: Uraniinae, Auzeinae, Microniinae na Epipleminae. Microniinae wengi ni weupe wenye mistari ya kijivu. Epipleminae, ambao ndio walio wengi, ni wadogo, wa rangi ya vumbi, na hutulia kwa mkao wa ajabu: bawa la mbele wanalikunja kama karatasi iliyoviringwa, la nyuma wanalilaza ubavuni.

Mkulima wa kahawa Kilimanjaro, Kenya au Uganda anaweza kuwa na mmoja wao shambani. Ni Leucoplema dohertyi, mdudu wa kahawa ambaye viwavi wake wadogo hula jani kwa chini, wakiacha mishipa na ngozi ya juu, hadi jani libaki na madoa kama wavu. Vitabu vya zamani vya kilimo humwita Epiplema dohertyi na kumweka katika familia Epiplemidae. Familia hiyo haipo tena kama familia; ni nusufamilia ndani ya Uraniidae, kwa sababu dume na jike wake wana mgawanyo ule ule wa masikio. Anayetafuta maelezo ya mdudu huyu katika hifadhidata mpya kwa jina Epiplemidae hatapata kitu, au atapata nusu. Atafute kwa majina yote.

Huu ndio uzito wa alama ya sikio. Imewaunganisha nondo wa machweo mwenye dhahabu na mdudu wa kitalu cha kahawa asiyetazamwa mara mbili, na imewatenga Sematuridae wenye mikia mizuri. Kwa muda fulani Uraniidae waliundiwa hata familia kuu yao wenyewe, Uranioidea. Siku hizi wanawekwa katika Geometroidea pamoja na Geometridae, Sematuridae na Epicopeiidae, na hawa wa mwisho waliingizwa humo kwa ushahidi wa vinasaba.

Mmea kama shahidi

Kwa jenasi tatu za mchana kuna ushahidi mwingine usiohitaji hadubini: kiwavi anakula nini. Viwavi wa Urania na Chrysiridia wanakula Omphalea tu, jenasi ya mimea ya familia ya muhogo, mbarika na mnyaa. Alcides nao wanaila Omphalea, na baadhi wanakula Endospermum ya familia hiyo hiyo ya mimea. Lyssa, wale wa usiku, wako kwenye Endospermum. Lees na Smith walikusanya habari hizi mwaka 1991 na kuonyesha kwamba ramani ya mmea na ramani ya nondo zinafuatana.

Madagaska ina spishi nne za Omphalea: tatu za misitu mikavu ya magharibi na kaskazini, na Omphalea oppositifolia ya misitu ya mvua ya mashariki. Rhipheus huhama kati ya pande hizo mbili. Barani Afrika spishi inayojulikana ni Omphalea mansfeldiana, inayoota Tanzania. Kwa anayetafuta mahali croesus anapozaliana, kuutafuta mmea huo ni kazi yenye faida kuliko kukimbizana na nondo wazima. Mzima ana mabawa yenye nguvu na anaweza kuonekana mbali na mahali alipokulia. Kumwona akinyonya maua si ushahidi kwamba anazaliana hapo.

Omphalea ina alkaloidi zenye umbo linalokaribia la sukari. Zikiingia tumboni mwa mnyama huziba vimeng'enya vinavyovunja sukari. Kiwavi huzihifadhi mwilini, na nondo mzima hubaki nazo. Kwa Urania fulgens wa Amerika ya Kati hilo lilithibitishwa kwa uchunguzi wa kemikali uliochapishwa mwaka 1990. Rangi za kung'aa mchana kweupe, basi, ni tangazo kwa ndege. Mmea nao haukai kimya: ukiliwa sana kwa vizazi mfululizo majani yake huzidi sumu, na hiyo inahesabiwa kuwa sababu mojawapo ya uhamaji mkubwa wa Urania huko Panama.

Kwa anayefuga, utegemezi huu una matokeo ya moja kwa moja. Kiwavi wa Chrysiridia hatakubali muhogo wala mbarika kwa sababu ni "familia moja". Atakufa njaa juu yake. Anayetaka kuthibitisha utambuzi kwa njia ya kiwavi aangalie pia kichwani. Kiwavi wa Papilio akiguswa hutoa pembe laini mbili zenye harufu kali nyuma ya kichwa. Kiwavi wa Chrysiridia hana pembe hizo. Wa Madagaska ana manjano yenye madoa meusi, miguu myekundu, na nywele nyeusi zenye ncha za kirungu, na akianguka hujipandisha kwa uzi wa hariri.

Jamaika inaonyesha upande mchungu wa kufungwa na mmea mmoja. Urania sloanus hakuonekana tena kwa uhakika baada ya mwisho wa karne ya 19, kipindi ambacho misitu ya chini ya kisiwa hicho ilikuwa imekatwa sana.

Croesus au rhipheus?

Ndani ya jenasi kazi ni rahisi ikiwa lebo ni ya kweli: wa bara ni croesus, wa Madagaska ni rhipheus. Wote wana upana wa mabawa wa sentimita 7 hadi 9 hivi. Kwa kielelezo kisicho na lebo, tazama bawa la nyuma kwa chini: kwa kawaida rhipheus ana eneo kubwa la wekundu na zambarau lililopigwa madoa meusi, na croesus ameelemea kijani na dhahabu. Usihesabu mikia. Hukatika, na mdudu aliyeruka siku nyingi anaweza kubaki na mmoja au bila hata mmoja. Mabawa ya rhipheus yameuzwa Ulaya kama mapambo tangu enzi za Malkia Victoria, kwa hiyo bawa tupu lililopatikana bila mwili lichukuliwe kuwa la Madagaska hadi lithibitishwe vinginevyo.

Vinasaba husaidia hapa. Mguu mmoja, unaong'olewa kwa kibano kilichopitishwa motoni, hutosha kusoma kipande cha jeni iitwayo COI, chenye herufi 658 za DNA, kinachotumika kutambua wanyama. Kwa kielelezo cha karne iliyopita DNA huwa imekatika vipande vifupi, kwa hiyo maabara husoma sehemu ndogo ndogo na kuziunganisha. Ndivyo Nazari na wenzake walivyofanya kwa sloanus wa Jamaika, katika makala ya mwaka 2016. Chukua mguu kabla ya kumlainisha mdudu kwa mvuke, kwa kuwa unyevu huharibu kilichobaki. Pia usiombe COI ikueleze mambo ya ngazi ya familia. Inatofautisha spishi vizuri. Matawi ya kale yanahitaji jeni nyingi zaidi.

Kwa kukusanya Tanzania kibali cha utafiti hutoka COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na cha kuingia msitu wa hifadhi kwa wenye msitu huo. Lebo iwe na mahali, latitudo na longitudo, mwinuko kwa mita, tarehe yenye mwezi ulioandikwa kwa herufi au namba ya Kirumi, jina la mkusanyaji na namna alivyonaswa: kwa wavu mchana, kwa taa, au alifugwa kutoka kiwavi. Akiwa amefugwa, weka tawi la mmea lililokaushwa kwenye herbariamu, na namba ya tawi hilo iandikwe kwenye pini ya nondo. Tawi lenye tunda au ua ndilo linaloaminika. Omphalea ikiwa na majani peke yake huchanganywa na mimea mingine yenye utomvu ya msitu huo huo.